Njia rahisi za kupanda miamba Ulaya: twende wapi mwishoni mwa Oktoba?

"Habari mwalimu. Mimi na mume wangu ni Watanzania, tunaishi Leicester. Tuna miezi kumi na minane ya kupanda kuta za ndani. Mimi naongoza njia za 5c, na kamba ikiwa imeshafungwa juu namaliza 6a siku nikiamka vizuri. Mume wangu hataki kuongoza kabisa. Tuna mtoto wa miaka kumi asiye na woga wowote, na hilo ndilo linalonitia woga mimi. Tunataka kwenda kwenye mwamba wa kweli kwa mara ya kwanza, wiki ya likizo ya shule mwishoni mwa Oktoba, siku saba. Nimeipenda Kalymnos kwa picha tu. Rafiki wa jimu anasema Arco kule Italia, mwingine anasema Frankenjura kule Ujerumani kwa sababu kuna njia maelfu. Nikihesabu, kila mahali pana mamia ya njia za 4 na 5. Sasa tofauti yake ni nini? Na 4 inaweza kuniumiza kweli?"

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililoyabeba mengine yote. Ndiyo, 4 inaweza kukuumiza, ingawa kwa gredi zetu namba na herufi zikipanda ndivyo ugumu wa njia unavyopanda. Tena mara nyingi inaumiza kuliko 7a. Ile 7a kwa kawaida ni ukuta ulioinama kuja nje. Ukidondoka unabaki unaning'inia hewani kama shati kwenye kamba ya kuanikia, unacheka, unaendelea. Njia ya 4 ni mwamba uliolala kidogo, wenye vidato na vijukwaa vya kukanyaga. Vidato hivyohivyo vilivyokurahisishia kupanda ndivyo utakavyovipitia ukishuka bila kupenda.

Nina miaka kumi na minne ya kufundisha kazi hii, na jeraha langu kubwa nililipata kwenye 4. Ilikuwa jioni, njia ya kupashia misuli moto, kusini mwa Ujerumani. Mguu uliteleza mita mbili juu ya bolti, kile chuma kilichopigiliwa mwambani ambacho anayeongoza, yaani anayetangulia, hunasia kamba akipanda, nikashuka kama mita nne, kisigino kikatua kwenye kijukwaa kisichozidi upana wa sahani. Wiki saba za magongo. Mwanafunzi aliyenishikia kamba hakukosea kitu. Kamba ilifanya kazi yake, bahati mbaya kijukwaa kiliwahi kufika kabla yake.

Kwa hiyo ninavyokuelewa, huulizi nchi ipi ina njia rahisi. Unauliza ni wapi wewe, mtu mmoja tu anayeongoza kwenye familia nzima, unaweza kutangulia na kamba siku saba bila roho kukukaa kooni. Hilo ni swali zuri zaidi kuliko la hesabu ya njia, na jibu lake linategemea jambo ambalo picha hazionyeshi: yule aliyetoboa mwamba na kuweka bolti alikuwa anamfikiria nani?

Tuangalie kinachotokea pale chini. Kwenye ukuta wa jimu, bolti huja kila mita moja au moja na kidogo, kwa sababu mwenye jimu anajua kila atakayepanda ni mteja wake. Kwenye mwamba, umbali wa mita mbili hadi tatu ni wa kawaida, na bolti ya kwanza huwa juu zaidi. Chukua njia ambayo bolti ya kwanza iko mita 3 na ya pili mita 6. Umefika, kiuno chako kiko mita 5 kutoka ardhini, unavuta kamba uinase ile ya pili juu ya kichwa, mguu unateleza. Uko mita mbili juu ya bolti ya kwanza, hivyo utashuka mita mbili hadi kwenye bolti na nyingine mbili chini yake. Kiuno sasa kiko mita moja kutoka ardhini, na miguu yako ina urefu wa mita moja hivi. Bado sijaweka kamba ya ziada uliyokuwa umeivuta, wala mnyumbuko wa kamba yenyewe. Umefika chini. Na hiyo ni njia iliyowekwa bolti bila uzembe wowote.

Sasa fikiria mtu anayepanda 7c ameamua kutoboa njia ya 5 pembeni ya njia ngumu anazozihangaikia. Kwake ile 5 ni ngazi ya nyumbani. Ataweka bolti pale anapoona inapendeza, mita nne, mita tano, na hatakuwa na ubaya wowote moyoni. Hapo ndipo Frankenjura inapoingia. Ni mahali pazuri mno, misitu, vijiji, bia kwa wanaoitaka, na ndiko Kurt Albert alikoanza mwaka 1975 kuchora nukta nyekundu chini ya njia alizozipanda bila kuning'inia kwenye vyuma. Mtindo huo ndio dunia nzima inaufuata leo. Lakini njia rahisi za huko nyingi zina bolti chache, na ya kwanza mara nyingi iko juu kweli. Rafiki yako hakukudanganya, njia ni maelfu. Ila kwa mtu anayeongoza 5c ya ndani, hapo si pa kuanzia, na mwisho wa Oktoba baridi na ukungu vitakuongezea sababu.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wote wanaotoka jimu: mwamba uliosuguliwa. Umewahi kuona kizingiti cha nyumba ya zamani Pangani au Tanga mjini, jiwe lililokanyagwa miaka mia hadi likang'aa? Miamba mingi ya kupandia Ulaya ni ya chokaa, na chokaa ni jiwe laini. Kila kiatu kinachopita kina chembe za mchanga, kinalisugua kidogo. Njia zinazopitwa na watu wengi kuliko zote ni zipi? Zile rahisi, za karibu na maegesho. Ndiyo maana eneo maarufu lenye umri wa miaka arobaini linaweza kuwa na njia ya 5 inayoteleza kama sabuni, wakati ile 6b iliyo jirani bado inashika. Gredi kitabuni inabaki ileile, mguu wako ndio unaojua tofauti.

Na hiyo gredi yenyewe usiibebe kama cheti. 5c ya jimu ina vishikizo vya rangi vinavyokuambia pa kushika. Mwambani hakuna rangi. Nusu ya kazi ni kutafuta, na mikono inachoka wakati macho yanatafuta. Mimi huwaambia wanafunzi washuke gredi mbili za namba nzima wiki ya kwanza: anayeongoza 5c ndani aanze na 3 na 4 nje, apande kumi za hizo, kisha aangalie anavyojisikia. Wengi hununa siku ya kwanza. Siku ya tatu hawanuni tena.

Basi utapimaje mahali kabla hujalipa nauli? Nunua kitabu cha njia cha eneo hilo mapema, au kiazime kwa wenzako jimuni, na ukisome kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Vitabu vingi vinaandika urefu wa njia na idadi ya kwikidro, zile kamba fupi zenye karabina mbili (pete za chuma zenye mlango wa kunasia), unazohitaji. Gawanya. Njia ya mita 20 yenye kwikidro 10 ina bolti kila mita mbili; hiyo ilitobolewa kwa ajili ya mtu kama wewe. Mita 20 yenye kwikidro 5, geuza ukurasa. Pili, tafuta sehemu yenye njia kumi au zaidi za 3 hadi 5 zikiwa zimepangana bega kwa bega, maana hapo kuna mtu aliyekusudia. Njia mbili za 5 zilizobanwa katikati ya 7b ishirini ni za wakali kupashia misuli. Tatu, angalia picha ya chini ya mwamba, si ya juu. Nyie ni watu wazima wawili. Mmoja akiwa juu na mwingine kwenye kamba, mtoto yuko na nani? Hana mtu. Kama chini pana uwanja tambarare wenye kivuli, sawa. Kama ni mteremko wa mawe au ukingo wa korongo, mtoto asiye na woga hapamfai hata kama bolti ziko kila nusu mita.

Tuingie kwenye majina. Kalymnos kwanza, kwa kuwa moyo wako uko huko. Kisiwa hicho cha Ugiriki kiliishi kwa kupiga mbizi za sifongo, kama vile Pemba walivyoishi kwa karafuu. Mwitaliano Andrea di Bari alifika kwa mapumziko mwaka 1996, akaona kuta zinazoning'inia juu ya kijiji cha Masouri, akarudi mwaka uliofuata kuanza kutoboa. Leo njia zimepita 3,000. Picha ulizozipenda bila shaka ni za Grande Grotta, lile pango lenye mawe yanayoning'inia kama viazi vikuu, na humo hutapanda. Lakini ubora wa Kalymnos kwa mtu kama wewe uko kwenye miamba ya kijivu pembeni. Njia nyingi zilitobolewa zikiwalenga wageni tangu mwanzo, bolti ziko karibu, na gredi zake zina sifa ya kuwa za huruma. Jiwe la kijivu ni lile linalooshwa na mvua, lina makali kama matumbawe wakati maji yamekupwa. Viatu vinashika, vidole vinalia. Chukua plasta.

Uzuri mwingine ni kwamba huhitaji gari. Unakaa Masouri au Myrties, unatembea hadi mwambani, na jioni bahari iko mtaa wa pili na bado inaogeleka. Miamba ya juu ya Masouri inaelekea magharibi, hivyo asubuhi ni kivuli na alasiri ni jua la kukaanga. Mbuzi wapo kila mahali, na mbuzi wa Kalymnos hawaombi radhi wanapoangusha mawe. Helmeti kwa wote watatu, pamoja na anayeshika kamba, pamoja na anayekula biskuti chini.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Kufika huko ni safari. Kwa kawaida unaruka hadi Kos, unakwenda bandari ya Mastichari, unapanda boti hadi Pothia kwa muda usiofika saa moja, kisha teksi. Ndege za msimu za moja kwa moja kutoka Uingereza kwenda Kos zinaanza kukoma mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo huenda ukalazimika kupitia Athens. Kati ya siku zako saba, mbili zimekwenda. Na mwisho wa Oktoba mvua za kwanza zinaweza kubisha hodi. Mtu mwenye siku kumi mwanzoni mwa Oktoba, au mwezi Mei, ningemwambia aende Kalymnos kabla hajamaliza kuniuliza. Kwako wewe, kwa wiki hiyo, naiweka ya pili.

Ya kwanza ni Costa Blanca, pwani ya Hispania. Najua haina picha za kumfanya mtu aache chakula. Ina majengo marefu ya watalii na maduka ya viatu vya plastiki. Lakini ndege za Alicante zinatoka viwanja vingi vya Uingereza mwaka mzima, ukitua unakodi gari, na ndani ya saa moja hivi uko Calpe. Kando ya hapo kuna mlima wa Toix, ambao kwa miaka mingi umekuwa darasa la Waingereza wanaotoka jimu kwenda mwambani: njia nyingi za 3 hadi 5, matembezi mafupi kutoka garini, na bahari inaonekana kutoka juu. Hali ya hewa ya mwisho wa Oktoba mara nyingi ni ya fulana. Kasoro yake umeshaisikia hapo juu: umaarufu. Baadhi ya njia za Toix zimesuguliwa zinang'aa, hasa za upande wa magharibi. Ukiona kidato kinakurudishia mwanga wa jua, hama njia, usijione mwoga. Siku nyingine endesha hadi Alcalalí, bonde la ndani lenye mwamba wa vidato vizuri, au Guadalest.

Ukiwa Calpe utaliona lile jabali la Ifach, mita 332 kutoka baharini, na mtoto atakuambia "mama, lile". Lile bado. Njia zake ni za kamba nyingi mfululizo, kushuka kwake ni somo jingine kabisa. Kuna njia ya miguu ya kufika kileleni, angalia tu masharti ya kuingia siku hizo kabla hujaahidi.

Kama hamtaki gari, El Chorro karibu na Málaga inafikika kwa treni, na jirani yake ndipo ilipo Caminito del Rey, ile njia ya mbao iliyobandikwa kwenye ukuta wa korongo na kufunguliwa upya mwaka 2015. Ila uzito wa El Chorro uko kwenye 6 na 7. Siku tatu mngefurahi, siku ya nne mngeanza kuzunguka mkitafuta.

Arco nakuelewa kwa nini imetajwa. Mji wenyewe unaishi kwa kupanda, maduka ya viatu yamepangana kama maduka ya khanga Mtaa wa Uhuru, na mashindano ya Rock Master yalianzia hapo mwaka 1987. Massone, mwamba wake maarufu, umesuguliwa vibaya. Zile bapa za Baone ni rahisi kwa gredi, ila ni mwamba uliolala, na nimeshakueleza kuhusu mwamba uliolala. Nendeni Arco mwaka wa tatu.

Ukipenda Ufaransa, Orpierre ni kijiji kidogo milimani kusini, kimejijenga juu ya wapandaji tangu miaka ya 1980. Unatoka kwa mwoka mikate, unatembea kwa miguu, uko mwambani, na njia rahisi zimetobolewa kwa akili ya familia. Ningekupeleka huko Mei bila kufikiri. Mwisho wa Oktoba asubuhi zake ni za kutetemeka, na mtoto anayetetemeka chini ya mwamba humaliza siku ya watu watatu. Kroatia pia wana Paklenica, ambako kuna njia fupi nyingi kwenye mdomo wa korongo, ila gredi zake ni ngumu kuliko zilivyoandikwa na njia ya watalii inapita hapohapo. Na Rovinj, machimbo ya mawe ya enzi za Venisi kando ya bahari, mazuri kwa siku mbili tatu za 4 na 5, si kwa wiki.

Nimetaja bahari mara nyingi, kwa hiyo lazima nitaje chumvi. Watu wa pwani mnajua inavyokula mabati. Miambani inafanya ujanja zaidi: bolti ya chuma kisichoshika kutu inaweza kupasuka ndani kwa ndani ikiwa na mkazo na chumvi kwa pamoja, huku kwa nje inang'aa. Ndiyo sababu maeneo ya ufukweni, Sicily, Sardinia na mengine, yamekuwa yakibadilishiwa bolti za titani zilizogandishwa kwa gundi. Huwezi kuiona hatari hiyo kwa macho. Unachoweza ni kuuliza duka la wapandaji la hapo mjini ni sehemu zipi zimewekewa bolti upya na zipi tuziache, na kununua kitabu cha karibuni badala ya cha bei poa cha miaka kumi na tano iliyopita.

Karatasi sasa, haraka. Kama mnatumia pasipoti za Tanzania, ukaazi wa Uingereza hauwaingizi Hispania wala Ugiriki. Mnahitaji viza ya Schengen, inayoombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na kinachoisha haraka ni nafasi za miadi, hivyo anzeni kabla kiangazi hakijaanza. Mtatakiwa bima ya angalau euro 30,000. Hapo ndipo watu wanapojikwaa: bima ya viza inamridhisha afisa wa ubalozi, lakini nyingi ukizisoma kwa maandishi madogo zimeutoa nje upandaji miamba. Tafuta inayotaja upandaji kwa jina, pamoja na gharama za uokoaji na helikopta. Vyama vya wapandaji, kwa mfano BMC cha hapo Uingereza au Alpenverein cha Austria kupitia tawi lake la Uingereza, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Kadi ya GHIC, ile ya matibabu Ulaya kwa wakazi wa Uingereza, bebeni, inasaidia hospitali za serikali, ila haimtoi mtu mlimani.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kukufundisha kwa maandishi, na sitajaribu.

La kwanza ni kule juu, mwisho wa njia. Jimuni unanasa karabina, unashushwa. Mwambani mara nyingi unakuta pete mbili: unajifunga kwanza kwenye pete hizo, unafungua fundo lako la nane, lile linalokuunga na kamba, unapitisha kamba kwenye pete, unafunga upya, unajaribu uzito, ndipo unaondoka. Kwa nusu dakika, uko mita ishirini juu na kamba haijafungwa kwako. Ajali nyingi mbaya za watu waliotoka jimu hutokea hapo, na nyingine hutokea kwa maneno: wa juu anadhani atashushwa, wa chini anadhani mwenzake atajishusha mwenyewe, anaachia kamba. Jambo hili linafundishwa kwa mikono, ardhini, mtu akikuangalia, mara ishirini. Kabla ya Oktoba tafuteni mwalimu mwenye leseni hapo Uingereza, siku moja au mbili, nyote wawili. Miamba ya Peak District haiko mbali nanyi. Mwambieni wazi: tunataka kujua kuongoza njia zenye bolti na kumalizia juu. Mume wako aje hata kama haongozi, maana yeye ndiye atakayekushikia kamba, na kushikia anayeongoza ni ustadi tofauti na kushika kamba iliyofungwa juu.

La pili ni siku ya kwanza kule mnakokwenda. Lipieni mwongozaji wa siku moja, ikiwezekana ya kwanza kabisa. Atawawekea kamba juu, atakaa na mtoto, atakuangalia ukiongoza 4 mbili, na atakuambia sehemu zipi za eneo hilo ni zako na zipi usiziguse. Ulizeni cheti chake: beji ya IFMGA, shirikisho la kimataifa la waongozaji wa milima, au leseni ya taifa ya mwalimu wa miamba ya nchi hiyo. Mwenye cheti haoni aibu kuulizwa. Anayekwambia "mimi nimekulia hapa" muage kwa heshima. Na kama baada ya siku hiyo bado moyo unakwenda mbio kila ukiinua mguu juu ya bolti, mchukueni tena siku ya tatu. Ni ghali, najua. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, punguza siku za likizo, usipunguze hizo.

Mtoto asiongoze mwaka huu, wala asimshikie mtu mzima kamba; hata akijua kila fundo, uzito wake utamrusha juu kama ndoo kisimani. Apande kamba ikiwa juu, na hanesi yake, ile mikanda ya kumfungia kamba, iwe ya kumshika hata akigeuka kichwa chini. Mtoto asiye na kiuno cha kutosha anahitaji hanesi ya mwili mzima, mjaribishie dukani, usiagize kwa kukisia.

Kuhusu vifaa, nina mawili tu ya kusisitiza. Nunua fimbo ndefu ya kunasia bolti ya kwanza ukiwa bado ardhini. Wapo watakaokucheka. Rudi kwenye ile hesabu ya mita tatu na mita sita, ukishanasa ya kwanza kwa fimbo, tena hata ya pili ikifikika, hesabu yote inabadilika. Na kamba: ile ya mita 40 ya jimuni iacheni Leicester. Njia ya mita 30 inakula mita 60 kwenda na kurudi, na Kalymnos watu huhesabu 70 kuwa ndiyo ya chini. Nunueni 70. Kamba fupi hainung'uniki. Mwisho wake unapita kwenye kifaa cha mshikaji kimyakimya na mtu wa juu anashuka nao. Dawa yake ni fundo kwenye ncha ya chini, kila njia, hata ile ya mita nane.

Kazi ya kufunga hilo fundo mpeni mtoto. Iwe yake peke yake, na wewe usianze kupanda mpaka akuonyeshe. Watoto wa miaka kumi hawana huruma na wazazi wanaosahau.